Gari Limepauka

Tuliporudi chuoni mwezi wa tisa, mwalimu alimuuliza kila mmoja darasani alifanya nini wakati wa likizo. Sisi wawili, kaka na dada, tulijibu kwa sentensi moja: "Tuliosha gari la Baba." Darasa likacheka. Mwalimu akasubiri tuendelee, lakini hatukuwa na maneno ya kuendelea. Mhariri wa jarida letu akasema basi tukae chini tuyatafute. Haya hapa.

Neno la kwanza alilitoa Mama. Ilikuwa Jumatano jioni, katikati ya Agosti. Baba alivuta turubai, na gari likaonekana kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Sisi tulinyamaza, Baba naye akanyamaza, ila Mama akaguna na kutikisa kichwa.

"Eh! Gari imepauka hii!"

"Limepauka," Baba akamsahihisha. "Gari li-me-pauka." Baba ni mtu wa Tanga, Mama ni wa Mombasa, na kwetu ugomvi wa ngeli hauishi.

"Iwe li, iwe i, kupauka imepauka," Mama akajibu, akarudi ndani.

Wote mliolelewa na mama Mswahili katika nchi ya baridi mnalijua neno hilo. Ni neno la asubuhi kabla ya basi la shule. Umekwisha vaa, umekwisha beba mkoba, unashika kitasa cha mlango, na sauti inatoka jikoni: "Wee, mbona umepauka? Njoo hapa." Unarudishwa, unapakwa mafuta usoni, viwikoni na magotini mpaka unang'aa kama sahani. Hatukujua kwamba gari nalo linaweza kupauka. Lakini tulipolitazama vizuri, tuliona kwamba hakuna neno jingine linalofaa.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 240D la mwaka 1980, la aina ambayo wapenzi wa magari huiita W123. Magari karibu milioni 2.7 ya aina hiyo yalitengenezwa kabla kiwanda hakijaacha katikati ya miaka ya 1980. Letu lina injini ya dizeli ya lita 2.4 yenye mitungi minne, na halina haraka na mtu. Baba alilinunua mwaka 2006 kwa mtu aliyelileta kutoka Arizona. Huku kwetu Michigan barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula magari kutoka chini. Gari lililokaa Arizona halina kutu, lakini jua la jangwani hulichoma juu. Baba alichagua rangi iliyopigwa jua kuliko chuma kilicholiwa na chumvi, na hakuwahi kulitoa nje theluji ikianguka.

Rangi yake ni buluu iliyokoza. Zipo picha zetu za utotoni tukiwa tumekalishwa juu ya boneti, nyuso zetu zinaonekana ndani ya rangi kama ndani ya maji. Gari lililokuwa mbele yetu Jumatano ile lilikuwa na rangi ya ubao wa shule uliofutwa vibaya.

Lilifunikwa mwaka 2018. Tulikuwa watoto wa shule, tukadhani limeharibika. Hatukuuliza, na Baba hakusema.

Sasa alikuwa amelifunua kwa sababu ya Bibi. Bibi yetu, mama yake Baba, yuko Tanga, ana miaka 84. Sisi tumezaliwa hapa na hatujawahi kumwona ana kwa ana. Shikamoo zetu zote zimepitia kwenye simu, na marahaba zake zote zimerudi kwa njia hiyohiyo, nyingine zikikatikatika. Mwezi wa saba Bibi alianguka uani. Hakuvunjika, lakini Baba alipokata simu alikaa muda mrefu mezani bila kuwasha taa. Kesho yake akatuambia: "Bibi yenu hawezi kutusubiri milele. Gari litauzwa, na Desemba tutakwenda wote wanne." Nauli ya watu wanne ilikuwa dola 7,600. Gari lililopauka lisingefika hapo. Lililong'aa huenda lingefika.

Mahali pa kuliuza palikuwa wazi. Kila mwaka, Jumamosi ya tatu ya Agosti, magari ya zamani hutoka gerejini na kuijaza barabara ya Woodward, kaskazini ya Detroit, kutoka Ferndale mpaka Pontiac. Shughuli hiyo, Woodward Dream Cruise, ilianza mwaka 1995 kama harambee ya kujenga uwanja wa mpira wa watoto Ferndale. Watu hukaa na viti vyao kandokando ya barabara kutwa nzima kuangalia magari yakipita polepole. Si ajabu barabara hiyo ikapendwa hivyo. Mwaka 1909 ndipo ilipowekwa zege urefu wa maili moja, na watu wa Detroit hawachoki kukuambia kwamba hiyo ndiyo maili ya kwanza ya barabara kuu ya zege nchini Marekani. Baba alisema mnunuzi wa gari la zamani huwezi kumtafuta nyumba kwa nyumba. Siku ile wote wako barabara moja.

Kazi iligawanywa. Mjomba, kaka yake Mama, alichukua injini: betri mpya, dizeli ya zamani kutolewa, breki, matairi. Baba anafanya kazi usiku kwenye ghala, mchana analala. Sisi tulipewa bodi. Tulikuwa na jioni ya Jumatano, Alhamisi nzima na Ijumaa nzima.

Tulianza kwa kukosea. Mmoja wetu alichukua taulo kavu ili afute vumbi la boneti, na Mjomba akapiga kelele kutoka chini ya gari: "Wee! Acha hiyo!" Vumbi la miaka sita likisuguliwa kavu, alisema, linageuka msasa. Kwanza maji. Basi tukalisukuma gari mpaka uwanjani, Mama akiwa kwenye usukani kama malkia, tukalimwagia maji mengi kabla ya kuligusa. Tulitumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Tulianza na paa tukashuka, kwa sababu chini ndiko kwenye uchafu mwingi. Siku hiyo moja tu tulitumia sabuni ya vyombo, maana inaondoa hata mabaki ya nta ya zamani. Siku nyingine zote haifai.

Lilipokauka tulilitazama. Lilikuwa safi, na bado limepauka. Tena sasa lilionekana vibaya zaidi, kwa kuwa hakukuwa na vumbi la kulaumu.

Hapo Mama akatoka na chupa ya mafuta ya nazi.

"Mama, hili ni gari," tukamwambia.

"Naliona."

Akachovya pamba, akasugua sehemu ndogo ya buti, ukubwa wa kiganja. Na kweli, buluu ikatokea pale pale, buluu ya kwenye picha zetu. Tulipigwa na butwaa. Baba alikuwa akijiandaa kwenda kazini, akacheka na kusema hayo si mageni. Alipokuwa kijana aliwaona waosha magari stendi wakipaka magari dizeli au mafuta ya taa ili yang'ae mteja anapolipa. Mteja akifika Muheza, vumbi limekwisha ganda kote. Tulipoamka Alhamisi, kiganja cha Mama kilikuwa na vumbi, chavua na mbu mmoja.

Tukafungua kopo la dawa ya kusugulia rangi, tukapaka kidogo kwenye kitambaa cheupe na kusugua pembeni ya buti. Kitambaa kikawa buluu. Tukasugua tena, kikazidi kuwa buluu. Tulishtuka, tukaona tunalifuta gari. Tuliacha kila kitu tukaenda kumgongea mzee jirani.

Mzee huyu ni Mmarekani aliyestaafu. Miaka mingi alipuliza rangi katika kiwanda cha magari, na anapenda kuulizwa. Alikuja na kiti chake, akakaa mlangoni mwa gereji na kutupa somo ambalo tunalitafsiri hapa kadiri tunavyoweza. Magari ya siku hizi, alisema, yana rangi, na juu ya rangi kuna vanishi isiyo na rangi yoyote. Ukisugua, unagusa vanishi tu, na kitambaa chako hakipati rangi ya gari. Lakini gari la zamani kama lile, lenye rangi tupu isiyo na chembe za kumetameta, halina vanishi. Rangi yenyewe ndiyo iko juu, inapigwa na jua na hewa. Miaka ikipita, sehemu ya juu inakauka na kufa. Ile buluu kwenye kitambaa ni rangi iliyokufa. Chini yake iko iliyo hai.

"Kwa hiyo tusugue tu mpaka tuifikie?" tukauliza.

Akainua kidole. Hapana. Rangi yote ya gari, pamoja na tabaka za chini yake, ina unene kama wa nywele moja au mbili za kichwani. Kila unaposugua unachota, na hakuna siku utakayorudisha. Anza na dawa laini kuliko zote, angalia, na ikitosha, acha. Halafu akasema jambo lililotufanya tutazamane: kabla ya kuisugua rangi kavu namna hiyo, ni vizuri kuilisha mafuta. Kuna polishi ya zamani yenye mafuta mengi. Unaipaka nzito, unaisugua kwa kitambaa cha taulo, unaiacha usiku kucha inywe. Asubuhi unafuta. Hiyo inailainisha rangi, na unapokuja kusugua unachota kidogo zaidi.

Tulipomwambia Mama, hakusema kitu kwa muda. Aliendelea kukuna nazi yake.

"Nilisema," akasema mwishowe.

Alhamisi tulifanya mambo mawili. Kwanza tulipitisha mkono juu ya rangi tukiwa tumeuvisha mfuko mwembamba wa plastiki. Jaribuni siku moja. Mfuko unakufanya usikie punje ambazo kidole kitupu hakizisikii, na gari letu lilikuwa kama ngozi ya papa. Punje hizo haziondoki kwa sabuni. Zinaondolewa kwa udongo maalum, laini kama wa kuchezea watoto, unaoteleza juu ya maji ya sabuni na kunasa kila kilichoganda. Unaukunja na kuukunja tena ili upate upande safi, na ukidondoka chini unautupa. Kazi hiyo ilituchukua saa tano. Kisha tukapaka polishi ya mafuta, gari zima, kwa mikono. Jioni mabega hayakuinuka. Gari lilikaa gerejini usiku ule likiwa limenata na linanuka kama duka la viatu, nasi tukalala bila kuoga vizuri, mikono yetu ikiwa buluu mpaka kwenye vifundo.

Ijumaa asubuhi tulifuta, na hatutasahau. Boneti ilitoka kwanza. Haikuwa imemaliza, ilikuwa na mikwaruzo midogo ya mviringo kama utando wa buibui, lakini ilikuwa na kina. Ukisimama mbele yake ulijiona. Tukaiwasha mashine ya kupigia polishi tuliyoazima kwa mzee jirani, tukabandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote na mistari yote iliyopinda, kwa sababu mzee alisema pale rangi ni nyembamba kuliko popote. Tulikwenda kipande kwa kipande, kila kipande upana wa futi mbili, bila kugandamiza. Paa, boneti, buti, madigadi, mlango mmoja, wa pili, wa tatu.

Mlango wa nne, ule wa dereva, tuliufikia saa mbili usiku. Tepu ilikuwa imekwisha. Duka lilikuwa dakika kumi kwa gari. Tulitazamana, tukasema tutaangalia.

Hatukuangalia. Mashine ilipita kwenye ukingo wa mlango, juu kidogo ya kitasa, na ilipoondoka palibaki alama ya kijivu, urefu wa kidole gumba. Ilikuwa rangi ya msingi. Buluu ilikuwa imekwenda yote.

Tulizima mashine. Kwa muda hakuna aliyezungumza. Kisha tulianza kutafuta njia, na tunaona haya kusema kwamba njia ya kwanza tuliyoitafuta ilikuwa ya kuficha. Mmoja wetu alisema kalamu ya wino wa buluu. Mwingine alisema mnunuzi atakuja mchana, jua kali, watu wengi, hataona. Tulikwenda kuchukua kalamu, tukarudi nayo. Tulisimama nayo pale. Kisha tukaiweka chini na kupanda ngazi kumwamsha Baba, aliyekuwa amelala kabla ya zamu yake.

Sasa, wanafunzi wenzetu, hapa ndipo Kiswahili kilipotukamata. Baba huzungumza nasi Kiswahili siku zote, na sisi humjibu Kiingereza siku zote. Lakini kuna mambo huwezi kumwambia baba yako kwa Kiingereza, hasa ukiwa na kosa. Tulitaka kukiri kwa adabu. Na kwa Kiingereza, msasa au mashine ikimaliza rangi, husemwa kwamba umeichoma. Basi tukasimama mlangoni, tukasema kwa Kiswahili chetu safi:

"Baba, tusamehe. Tumechoma gari."

Baba aliruka. Alishuka ngazi akiwa na msuli, miguu mitupu, akapitia jikoni na kutoka na sufuria ya maji, Mama nyuma yake akiita "Ya Rabbi! Ya Rabbi!" Alifika gerejini akasimama. Hapakuwa na moshi. Palikuwa na gari la buluu linalong'aa kuliko alivyowahi kuliona, na watoto wawili wanaolia.

"Moto uko wapi?"

Tukamwonyesha alama. Aliinama, akaitazama, akaweka sufuria chini.

"Hamkulichoma," alisema taratibu. "Mmelichubua."

Mama, akiwa bado ameshika kifua, akasema afadhali gari kujichubua kuliko binti yake, na hapo tukacheka huku tunalia, kwa kuwa hata sisi tunajua kujichubua ni nini.

Tulidhani Baba atapanda kulala. Hakupanda. Alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa, akaanza kuipapasa ile alama kwa kidole gumba, na akatueleza jambo ambalo hakuwahi kulisema.

Babu yetu alikuwa dereva. Aliendesha gari la meneja katika shamba la mkonge, gari la aina hii hii, jeupe. Kila alfajiri aliliosha kabla hajanywa chai, na Baba akiwa mdogo ndiye aliyechota maji. Gari halikuwa lao na hawakuruhusiwa kulipanda, lakini kuling'arisha ilikuwa kazi yao. Ndiyo maana Baba alinunua lile la Arizona, dizeli isiyo na haraka ambayo marafiki zake waliicheka. Mwaka 2018, siku ya Jumapili, alikuwa analiosha mbele ya nyumba simu ilipolia. Aliipokea kwa mikono yenye sabuni. Ilikuwa habari ya Babu. Hakuweza kwenda kuzika, kwa sababu mwaka ule karatasi zake za ukaaji zilikuwa hazijakamilika, na angetoka asingerudi kwetu. Alirudi nje, akalisuuza gari lile, akaliingiza ndani, akalifunika.

"Nilikuwa nikilitazama naiona ile siku," alisema. "Basi."

Hatukuwa na la kusema, kwa lugha yoyote. Tulisema tu, "Pole, Baba." Tuligundua kwamba miaka sita iliyopita hatukuwahi kumpa pole. Tulikuwa watoto, na neno lenyewe tulilijua, ila hatukujua kwamba ni letu kulitoa.

Aliitika. Kisha akasimama, akasema ni saa ya kwenda kazini, na kwamba kesho mnunuzi yeyote akija, alama ile tumwonyeshe sisi wenyewe kabla hajaiona. "Msimsubiri aitafute." Usiku ule tulipaka nta, safu nyembamba mbili, tukaifuta kwa vitambaa laini. Alama tuliipaka nta pia, ikabaki kijivu kinachong'aa.

Jumamosi tuliondoka alfajiri, Baba akiwa hajalala. Mama alikaa nyuma na miwani ya jua, akapunga mkono kwa majirani na kutangaza, "Leo na sisi wabenzi." Woodward ilikuwa imejaa tangu asubuhi. Magari makubwa ya Kimarekani yalinguruma mbele na nyuma yetu, na dizeli yetu iligonga katikati yao kama cherehani. Lakini watu walisimama kwenye viti vyao kuliangalia. Mtoto mmoja alijitazama kwenye mlango wetu, akajitolea ulimi. Tuliegesha Royal Oak, tukaweka karatasi kioo cha mbele: dola 9,000.

Watu wengi waliuliza, wachache walimaanisha. Saa nane mchana alikuja mwanamume kutoka Ohio na mkewe. Alizunguka gari mara tatu, akachuchumaa, akapitisha mkono chini ya milango akitafuta kutu asiione. Kabla hajafika upande wa dereva tulimwita, tukamwonyesha ukingo wa mlango na kumwambia kwamba ni sisi. Alitushukuru. Kisha akapunguza. Alikuwa tayari kutoa 8,500, alisema, lakini fundi wa rangi atataka pesa yake. Wakakubaliana 8,100. Ukingo wa mlango mmoja, dola 400, na dakika kumi za kwenda kununua tepu.

Jumapili alikuja kulichukua. Baba alimwonyesha jinsi ya kusubiri taa ya njano izimike kabla ya kuliwasha, na akamsisitizia asilioshe kwa sabuni ya vyombo. Gari lilipokata kona, Baba aliingia ndani kulala. Sisi tulifagia gereji.

Nauli imelipwa. Zile 400 Mama alikuwa amezipangia zawadi za watu wa Tanga na Mombasa, na orodha yake ni ndefu, kwa hiyo tumeahidi kuzirudisha. Kila Jumamosi tunaosha vyombo katika kantini ya chuo, na hadi tunapoandika tumefikisha dola 260. Mkituona huko, tusalimieni, ila msituombe chakula cha bure.

Wiki iliyopita tulimpigia Bibi, sisi wawili peke yetu, Baba akiwa kazini. Tulimweleza habari ya gari mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili, na tulipofika pale pa "tumechoma" alicheka mpaka akakohoa. Tulimwomba radhi kwamba huenda zawadi zikapungua.

"Zawadi ya nini?" akasema. "Njooni tu. Na mpake mafuta huko kwenye baridi yenu, msije mkaniingilia nyumbani mmepauka."